Mume wangu anataka mtoto aitwe Edmund, baba yangu amenyamaza

Shikamoo Mama,

Nakuandikia saa tisa usiku, mtoto amelala kifuani. Ana siku 16 na bado hana jina. Hapa nyumbani tunamwita Bwana Mdogo, na wakunga wanaokuja kumpima uzito wanaandika ukoo wa baba yake tu.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Ni muuguzi hapa Coventry, Uingereza, mwaka wa saba sasa. Mume wangu ni Mwingereza, fundi wa taa za jukwaani, na maisha yake yote yamepita kwenye majumba ya maigizo. Tulipojua nina mimba tulipatana hivi: akizaliwa wa kike nitampa jina mimi, akizaliwa wa kiume atampa yeye. Nilikubali kwa moyo mmoja, tena nikicheka, maana nilikuwa na hakika ni wa kike.

Amekuja wa kiume, na mume wangu ameleta orodha. Yote ni majina ya watu wa kwenye tamthilia za Shakespeare: Lysander, Orlando, Horatio, Mercutio, na juu kabisa, amelipigia mstari mara mbili, Edmund. Huyo ni wa kwenye King Lear. Usiku tulipokutana, miaka mitatu iliyopita, mume wangu alikuwa akiendesha taa za tamthilia hiyo. Mwenzangu wa wodini alikuwa na tiketi ya ziada, nikaenda naye, na wakati wa mapumziko nikamwomba kijana mmoja anionyeshe mlango wa kutokea nipate hewa. Ndiye huyu.

Mimi jina la Edmund halikunisumbua. Parokiani kwetu akina Edmundi wapo. Shida imeanzia kwa baba. Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na kwenye rafu yake Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, iko pale pale tangu nikiwa mdogo, jalada limekwisha kung'oka. Nilipompigia nikamtajia jina, alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Yule mwana wa haramu wa Gloucester?" Nikasikia anampa mama simu.

Mama, nikueleze ukweli wote. Tulifunga ndoa ya serikali huku nikiwa na mimba ya miezi mitano. Posa haijapelekwa nyumbani, mahari haijatajwa. Baba hakugomba. Alisema tu, "Sawa, mmeshaamua." Tangu siku ile anaongea nami kwa adabu, kama anaongea na mgeni.

Mume wangu anasema ahadi ni ahadi, na kwamba jina la jukwaani haliwezi kumdhuru mtu. Mama yangu amejaribu kulitamka Lysander, likatoka Lisanda, akasema jina hilo linateleza mdomoni. Mimi niko katikati na usingizi sina. Je, ni kweli ubaya wa mhusika humfuata mtoto anayepewa jina lake? Na ungekuwa wewe, katika yale matano ungechukua lipi? Sheria ya hapa inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 42, kwa hiyo zimebaki 26.

Mama wa Bwana Mdogo, Coventry

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Bwana Mdogo akue, na wewe upate walau usiku mmoja wa kulala.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliiweka kando, nikaenda kuitafuta King Lear kabatini. Nimefundisha fasihi miaka mingi na sipendi kumjibu mtu juu ya kitabu kwa kutegemea kumbukumbu. Niliisoma tena mpaka usiku, na nafurahi niliisoma, kwa sababu jibu lako lina sehemu mbili na sehemu ya pili iko ndani ya kurasa zake za mwanzo.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kusita: ubaya wa mhusika haumfuati mtoto. Kama yupo mtu ambaye angeliogopa jambo hilo, ni Shakespeare mwenyewe, maana mdogo wake wa mwisho aliitwa Edmund. Alibatizwa Stratford mwaka 1580, akaja kuwa mwigizaji huko London kama kaka yake. King Lear ilichezwa mbele ya Mfalme James tarehe 26 Desemba 1606, na Edmund huyo alikuwa hai. Alizikwa Southwark siku ya mwisho ya Desemba 1607, akiwa na miaka 27 tu, na kengele kubwa ya kanisa ikapigwa kwa ajili yake. Basi fikiri: mtu anamuumba msaliti wa kutisha, kijana anayemchongea kaka yake kwa baba yao mpaka kaka anakimbilia porini, halafu anampa jina la mdogo wake wa tumbo moja. Jina lilikuwa la watu, akalitumia.

Na lilikuwa la watu kweli. Edmund alikuwa mfalme wa Anglia ya Mashariki, akauawa na Wadenmaki mwaka 869, akaheshimiwa kama shahidi, na mji wa Bury St Edmunds unabeba jina lake mpaka leo. Akina Edmundi wa parokia yenu wametokana na watakatifu wa namna hiyo. Hakuna aliyewatoa jukwaani.

Hapa nina jambo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Sisi tunadhani majina ya Shakespeare ni ya mbali, kumbe mengi tunaishi nayo. Nenda Kilimanjaro ukahesabu akina Prosper. Nenda Kagera ukahesabu akina Gratian. Prospero ni yule mtawala aliyefukuzwa kwenye Tufani, kama S. S. Mushi alivyoipa jina tamthilia hiyo alipoitafsiri, na Gratiano ni yule rafiki mwenye maneno mengi kwenye Mabepari wa Venisi ya baba yako. Shakespeare aliyachota majina haya Italia kwa kuwa hadithi nyingi alizozitumia zilitoka huko, na wamisionari wakatuletea ndugu za majina hayo hayo kupitia kalenda ya watakatifu. Kisima ni kimoja.

Tazama pia jinsi alivyoyagawa bila kujali nani mwema na nani mwovu. Sebastian mmoja, kwenye Twelfth Night, ni kijana mzuri aliyeokoka baharini akarudi kwa dada yake pacha. Sebastian wa pili, kwenye Tufani, anachomoa upanga amuue kaka yake akiwa usingizini. Antonio wa Venisi yuko tayari kukatwa ratili ya nyama kwa ajili ya rafiki, na Antonio wa Tufani amempindua kaka yake na kumtupa baharini na mtoto mdogo. Ukilikataa jina kwa sababu ya mhusika mmoja, mwenzake atakushangaa.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Baba yako anayajua haya yote, labda kunizidi, na bado alinyamaza.

Tamthilia ile inaanza hivi. Gloucester amesimama na mzee mwenzake, Kent, na Edmund yuko hapo hapo. Kent anauliza kama huyu ndiye mwanao. Gloucester anajibu kwa mzaha. Anasema mama wa kijana huyu alipata mtoto wa kubembeleza kabla hajapata mume, na kwamba siku ya kumtunga raha ilikuwepo. Anayasema hayo mwana akiwa anasikia. Muda mfupi baadaye Edmund anabaki peke yake jukwaani, anauliza kwa nini aitwe duni wakati mwili wake na akili yake havijapungua kitu mbele ya mtoto wa ndoa. Ubaya wake wote unatiririka kutoka hapo, kutoka kwenye kicheko cha baba.

Sasa mweke mwalimu mstaafu wa Morogoro upande wa pili wa simu. Amesoma ukurasa huo. Binti yake amepata mimba kabla ya ndoa, mkwe hajapeleka hata barua ya posa, na mkwe huyo kazi yake ni tamthilia, kwa hiyo hawezi kusema hajui. Anaambiwa mjukuu ataitwa Edmund. Mumeo akilitamka jina hilo anaona usiku aliokutana nawe. Baba yako akilisikia anaona ule ukurasa wa kwanza, na anaona familia yake ndiyo inayochekwa.

Nadhani mumeo hakuliona hili kabisa. Mtu anayeendesha taa hukumbuka mvua na radi ya tendo la tatu, mzee Lear kichwa wazi katika dhoruba. Lakini sasa mwambie. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, na habari ya mimba ya miezi mitano usiiruke. Naamini hujawahi kumweleza kwamba kwa baba yako ndoa ile haijakamilika, kwa sababu katika barua yako nzima yeye anabishana juu ya jina na ahadi tu, mahari haigusi. Hawezi kupona ugonjwa ambao hajaambiwa anao.

Na niseme neno kwa baba yako, nikimheshimu kama mwalimu mwenzangu: kulitamka lile neno, hata kwa mdomo wa tamthilia, alikosea. Mtoto huyu ana baba na mama waliomngoja kwa hamu. Asiitwe hivyo na mtu yeyote, awe babu au kitabu. Kama siku moja atakuuliza maoni yangu, msomee sentensi hizo.

Ahadi sasa. Uliitoa ukicheka, lakini uliitoa, na mumeo alikuwa angeitimiza upande wake kama angekuja msichana. Usimnyang'anye. Ameleta majina matano, na likichukuliwa lolote kati ya hayo, ahadi imetimia. Edmund ndilo analolipenda zaidi, ni kweli. Mimi ningemwomba aliweke kando, na sababu ni hilo jeraha la sasa, maana jina lenyewe halina kosa. Mtoto wa pili akija, mambo ya nyumbani yakiwa yamekaa sawa, Edmund litakuwa jina zuri la Kikristo lisilomchoma mtu.

Mercutio simtaki. Ndiye mcheshi kuliko wote kwenye Romeo and Juliet, lakini anachomwa upanga katikati ya tamthilia na kufa akizilaani nyumba zote mbili. Kwa mtoto aliyezaliwa kati ya nyumba mbili ambazo bado hazijasalimiana, hapana.

Lysander nalo lina miiba ambayo mumeo huenda ameisahau. Huyo ni kijana anayetaka kumwoa Hermia wakati baba yake Hermia amekataa. Mzee anampeleka binti mbele ya mtawala wa Athens na kudai sheria: akubali mume aliyechaguliwa na baba, ama auawe, ama awe mtawa maisha yake yote. Lysander anamtorosha usiku. Mwishoni wanaoana na watu wanacheka, lakini mwombe baba yako asikie hadithi hiyo mwezi huu uone kama atacheka. Tena mama yako amekwisha sema linateleza, na bibi ndiye atakayeliita jina hilo kwa sauti kwenye simu kila Jumapili.

Horatio nampenda. Ni rafiki wa Hamlet, msomi, mtulivu, naye ndiye anayeombwa abaki hai ili asimulie yaliyotokea. Ugumu wake ni kwamba Waingereza husema Horeisho na sisi tutasoma kama lilivyoandikwa, Horatio. Mtoto atakuwa na jina moja Coventry na jingine Morogoro. Watoto wengi wa huko wanaishi hivyo na hawaumii, basi lishike kama akiba.

Ningekuwa mimi, ningemwita Orlando.

Orlando wa As You Like It ni mtoto wa mwisho ambaye kaka yake mkubwa, Oliver, amemnyima elimu na haki yake. Anapokimbia, anafuatana naye mtumishi mzee wa nyumba, Adam, mtu wa karibu miaka 80, aliyempa akiba yake yote ya uzeeni. Wakiwa msituni mzee anaanguka kwa njaa. Orlando anamlaza pahali penye kivuli, anakwenda kutafuta chakula, anawakuta watu mezani, anachomoa upanga. Wanamkaribisha kwa upole, lakini anakataa kuonja kitu mpaka mzee ale kwanza, anarudi kumchukua na kumleta akiwa amembeba. Msitu ule unaitwa Arden, jina la ukoo wa mama yake Shakespeare, Mary Arden, na jina la nchi ya miti ya Warwickshire, jirani na mnapoishi. Baadaye Orlando anamkuta yule kaka aliyemdhulumu amelala huku simba jike akimvizia. Anageuka mara mbili aondoke zake, kisha anarudi kupigana na simba.

Msimulie baba yako habari za mzee Adam. Atazikumbuka. Na umwambie hili pia, kwa kuwa ni mwalimu atalipenda: Orlando ni Roland kwa Kiitaliano, na katika tamthilia hiyo baba yake kijana, marehemu, ni Sir Rowland. Yaani kijana anatembea na jina la baba yake, limevaa nguo nyingine.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo nyinyi wawili hamjaligusa, jina la pili. Shakespeare alipopata mapacha mwaka 1585, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, hakwenda kuwatafutia majina kwenye hadithi za kale alizozijua. Aliwaita Hamnet na Judith, kama majirani zake wa Stratford, mwoka mikate Hamnet Sadler na mkewe Judith. Sadler naye baadaye akapata mtoto akamwita William. Hamnet mdogo alikufa akiwa na miaka 11, mwaka 1596. Shakespeare alipoandika wosia wake mwaka 1616, alimwachia Sadler fedha za kununua pete ya kumbukumbu, na ndani ya wosia ule jina la jirani limeandikwa Hamlett. Mtu aliyeyajaza majukwaa majina, watoto wake aliwapa majina ya watu waliokuwa wakipita mlangoni.

Basi nafasi ya pili iwe ya Morogoro, na asiyechagua awe wewe. Mwachie baba yako. Hata Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake imekaa kwenye rafu yenu, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki, kwa sababu mvua kubwa ilinyesha siku aliyozaliwa. Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, alipokuwa mtu mzima, na miaka 20 baadaye akaitafsiri tamthilia yenye jina hilo. Alibaki nayo yote mawili, na hatukuwahi kuona moja likimfukuza mwenzake.

Namna ya kufanya ni hii. Mumeo ampigie baba yako yeye mwenyewe, wewe ukiwa karibu. Aanze kwa shikamoo. Hata akiitamka vibaya, aitamke. Aseme kwamba hakujua jina lile lingeumiza, kwamba ameliacha, na kwamba anaomba babu ampe mjukuu jina la pili. Asiyachanganye hayo na mahari kwenye simu hiyo hiyo. Kwa mahari tafuteni mshenga, mjomba au mzee wa parokia anayekufahamu wewe, aende nyumbani kwa miguu yake na barua. Wazungu wengi wameoa kwetu kwa njia hiyo na wakaifurahia, mradi wameelezwa mapema kila hatua ina maana gani.

Siku 26 zinatosha. Sheria ya Uingereza inawaruhusu kubadili jina la kwanza ndani ya miezi 12 tangu kuandikisha, lakini mlango huo usiutegemee, kwani kila karatasi ya mtoto itakuwa imekwisha kuandikwa. Ngojeni simu ya baba kwanza, halafu mwende.

Na mama yako akisema Olando, mwitikie tu. Nitafurahi ukiniandikia jina la pili aliloteua babu.